Tatu Juu ya Ishirini

"Shikamoo, mwalimu," alisema Dokta Miriam, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkwewe kikombe cha chai.

"Marahaba," akaitika Bushiri. Akaipokea, akaigeuza. Pembeni juu, kwa wino mwekundu, palikuwa na tatu. Chini ya tatu mstari, na chini ya mstari ishirini.

Shikamoo na tatu juu ya ishirini, kwa pumzi moja! Akamtazama yule binti usoni aone kama kuna mzaha. Hapakuwa na mzaha. Dokta Miriam alikuwa ameshahamia dawati la nyuma anagawa karatasi nyingine, na huko hakumpa mtu shikamoo, maana waliobaki wote walikuwa wadogo zake.

Bushiri alikuwa na miaka arobaini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akifundisha hisabati sekondari kule Mpwapwa. Tatu za namna hii alishazigawa za kujaza gunia, nyingine akazisindikiza kwa fimbo. Kupewa yeye, ilikuwa haijatokea.

Alikuja chuoni kujiendeleza. Alikuwa na diploma tu, na kila baada ya miaka michache kijana aliyemfundisha mwenyewe kujumlisha sehemu alirudi na digrii akawa mkuu wake wa idara. Siku moja akachoka. Akaandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, akapewa. Walimu wenzake wakachinja mbuzi, mkuu wa shule akatoa hotuba iliyodumu kuliko mbuzi. Na alipofika Dodoma, chuoni kule kilimani penye upepo usiochoka, akafanya mtihani wa mchujo akachaguliwa darasa maalumu la kalkulasi, watu ishirini na wanne kati ya mia tatu. Akampigia simu mkewe Sikudhani, naye habari akaifikisha sokoni kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

Kumbe darasa maalumu lina meno. Majaribio yalikuwa mawili, kila moja alama ishirini. Ukikosa jumla ya kumi na sita kwenye yote mawili, unatolewa. Na barua ya ruhusa ya Bushiri ilitaja shahada ya hisabati kwa jina lake. Ukitolewa darasa maalumu, shahada hiyo huipati, barua imekufa, unarudi Mpwapwa kushika chaki ukiwa vile vile ulivyoondoka, ila mbuzi ameshaliwa.

Madarasa mengine ya kalkulasi watu walikokotoa wakaenda zao kula. Huku Dokta Miriam hakutaka ukokotoe, alitaka uthibitishe. Namba ikisogelea mbili, mraba wake unasogelea nne; mtoto wa kidato cha pili anakuambia hilo huku anakula muwa. Yeye anakuuliza: umejuaje? Na jibu lazima lipite kwa herufi mbili za Kigiriki, epsilon na delta, ambazo Bushiri alizichukia kama panya wawili waliohamia jikoni. Kwake yeye hesabu ni kanuni, weka namba, toa jibu, piga mistari miwili chini. Wanafunzi wake walimwita Mistari Miwili nyuma ya mgongo wake, naye alijua, na jina alilipenda. Kwenye jaribio la kwanza alichagua epsilon yake mwenyewe, sifuri nukta sifuri moja, akatafuta delta yake, akaipata, akapiga mistari miwili. Maswali manne, mistari minane. Akatoka anapiga mluzi.

Jioni simu ya Sikudhani ikaita.

"Umepata ngapi?"

"Tatu."

"Tatu juu ya ngapi?"

"Ishirini."

"Baba Harithi, labda karatasi si yako."

"Ina jina langu."

"Akina Bushiri mko wangapi hapo?"

"Niko mmoja."

"Basi usimwambie mtu yeyote. Na mimi simwambii mtu. Ila nilikuwa nimeweka spika, Harithi kasikia."

Harithi, mwanawe wa kidato cha tatu, aliwahi kunyimwa mpira muhula mzima kwa sababu alipata kumi na mbili. Sasa kwa mbali, kwenye simu, palisikika kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Kesho yake saa kumi alasiri walikutana kwenye chumba kitupu kwa ajili ya diskasheni, watu watatu. Fredy ndiye aliyefika wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na moja, kofia ameigeuzia nyuma.

"Mzee, umepata ngapi?"

"Salimia kwanza."

"Shikamoo. Umepata ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nne. Nimekuzidi, kwa hiyo leo mwalimu ni mimi." Akatoa kwenye begi lundo la karatasi zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zimebaki vivuli. "Desa hili hapa, mali ya wakubwa waliotangulia. Unameza, unaenda kutapika kwenye mtihani, unarudi kulala. Maisha si magumu hivyo."

"Na akibadilisha namba?"

"Hapo tunamwachia Mungu."

"Ndiyo Mungu akakupa nne?"

"Wewe alikupa tatu, mzee, tuheshimiane."

Wa tatu alikuwa Yusra, msichana wa Ipagala, mjukuu wa mwenye duka la vitambaa. Alikuwa amepata tano. Alileta zabibu kwenye mfuko wa karatasi, za mjomba wake wa Makutupora, za mwanzo wa msimu, chachu za kukunja uso. Akausogeza mfuko kwa Bushiri.

"Mwalimu, nataka nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Ulipokuwa unaitikia kule mbele, ulikuwa umeelewa?"

Bushiri akatafuna zabibu, akakunja uso, na haikujulikana amekunja kwa zabibu au kwa swali.

Kila alipomaliza kuujaza ubao, Dokta Miriam aliwageukia akauliza, "Tumeelewa?" Nao wakaitika, "Ndiyooo!" Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bushiri, aliyekaa dawati la mbele kabisa. Haikumjia hata siku moja kunyamaza. Mwalimu kuuliza asijibiwe ni sawa na mtu kubisha hodi kwenye nyumba yenye watu na wasimwitikie. Yeye mwenyewe alibisha hodi hiyo miaka ishirini na miwili, "Tumeelewa?", na zile ndiyo za watoto arobaini kwa pamoja zilimshibisha kama chai ya asubuhi.

"Kuelewa kuna namna nyingi," alisema.

"Mimi nilikuwa nyuma, sijui hili wala lile," Yusra alisema. "Nikitaka kunyoosha mkono nasikia wewe unasema ndiyo kwa sauti ya muadhini. Najiambia, mwalimu wa miaka ishirini kaelewa, mimi nani nimsimamishe Dokta? Naushusha. Wiki sita, mwalimu. Wiki sita nashusha mkono."

"Hata mimi nilikuwa nakufuata wewe," Fredy akadakia. "Nilijua wewe ndiye antena."

"Kwa hiyo hiyo tano yako, na hiyo nne ya huyu, nimewaletea mimi?"

"Yangu umeniletea wewe," alisema Yusra, kwa adabu, macho chini. "Ya Fredy sijui."

Bushiri aliinuka akaondoka. Aliteremka mpaka chumba chake cha kupanga akiwa amekasirikia kila kitu: Fredy na kofia yake, Dokta na shikamoo zake, Wagiriki waliokosa kazi ya kufanya, na vumbi lililokuwa linamwingia machoni. Katoto kama kale ka Ipagala kumwambia hivyo! Lakini alipofika mlangoni, funguo mkononi, hasira ikageuka ikamtazama yeye. Alikumbuka Mpwapwa. Alikumbuka zile ndiyo za watoto arobaini, na gunia la tatu alizozigawa baadaye, na jinsi alivyokuwa akishangaa kila muhula: hawa si walisema wameelewa?

Kipindi kilichofuata, Dokta Miriam aliujaza ubao mpaka kona. Somo lilikuwa kwa Kiingereza. Akaweka kifuniko kwenye maka peni, akageuka.

"Tumeelewa?"

Watu ishirini na watatu walikuwa wanamngoja Bushiri aanze. Bushiri alikuwa anatazama mikono yake.

"Mwalimu?" akauliza Dokta Miriam, kwa sababu hata yeye alizoea kumngoja.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, sijaelewa."

"Wapi?"

"Kuanzia wiki ya pili."

Darasa likaangua kicheko. Dokta Miriam hakucheka. "Leo ni wiki ya saba!" alisema, na Kiingereza kikaishia hapo. "Wiki ya pili nikawauliza, mkasema ndiyo. Ya tatu, ndiyo. Mimi nikaenda nyumbani nikajisifu nimepata darasa la ajabu, halijapata kutokea. Nimekaa kusahihisha nikalia. Mnajua kama nililia? Na samahani, mwalimu, wewe ndiye mkubwa wao. Nikikuona unatikisa kichwa, mimi nafuta ubao."

"Ndiyo maana leo sijatikisa."

"Leo! Wiki ya saba!"

"Kama ulitaka wiki ya pili ungeniuliza swali lenye majibu mawili. Tumeelewa, mtu atajibu nini? Mimi hilo swali nimeliuliza miaka ishirini na miwili, sikuwahi kupata jibu jingine."

Dokta Miriam akamnyooshea maka peni. "Njoo mbele."

Dokta aliandika swali mwenyewe, dogo, la kitoto: mara tatu ya x, toa moja. X ikisogelea mbili, jibu linasogelea tano. Thibitisha.

Bushiri akapokea maka peni, akapandisha mikono ya shati. Akaandika epsilon ni sifuri nukta tatu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeichagua."

"Siyo yako kuichagua. Epsilon ni yangu. Mimi ndiye nasema jibu liwe karibu na tano kiasi gani. Wewe unanitafutia delta: x ikae karibu na mbili kiasi gani ili nipate ninachotaka. Haya, tuseme nimeitaka hiyo hiyo. Unanipa nini?"

Akakokotoa. "Sifuri nukta moja." Akapiga mistari miwili.

"Sawa. Sasa nataka sifuri nukta sifuri tatu."

"Sifuri nukta sifuri moja." Mistari miwili.

"Nataka sifuri nukta sifuri sifuri sita."

Akakokotoa tena. "Sifuri nukta sifuri sifuri mbili." Mistari miwili.

"Ndogo zaidi."

Akaendelea. Ya sita, mkono ukaanza kumuuma bega. Ya saba, Fredy alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati anacheka bila sauti. Ya nane, wino ukaanza kufifia.

"Dokta, utaacha lini?"

"Siachi."

"Kesho?"

"Kesho nakuja na ndogo kuliko zote za leo."

"Sasa wewe ni mteja wa namna gani!" Bushiri akapaza sauti, na heshima ya chuo ikamtoka yote. "Mteja kama wewe mtu anamfungia duka! Sikupimii tena. Chukua kanuni ukajipimie mwenyewe: epsilon yoyote utakayokuja nayo, ndogo usivyoweza kuiona, igawe kwa tatu, hiyo ndiyo delta yako, uniache nipumzike!"

Akaitupa maka peni kwenye meza. Ikabingirika, ikaanguka.

Aliona aibu, akataka kuomba radhi, lakini Dokta Miriam alikuwa ameinama anaiokota ile maka peni, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Andika hivyo hivyo."

"Niandike nini?"

"Ulichonifokea sasa hivi. Huo ndio uthibitisho, mwalimu. Hakuna kingine."

Bushiri akautazama ubao, namba zake nane na mistari yake kumi na sita. "Kumbe ndiyo hiyo tu?" Wiki saba! Badala ya kufurahi alijisikia kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima nayo iko kwenye paji la uso.

"Tume..." alianza Dokta Miriam, akajikata. "Nani bado?"

Kule nyuma mkono wa Yusra ukapanda, na safari hii haukushuka. "Mimi bado, Dokta. Kwa nini tatu?" Ikapanda mingine, sita, kumi. Dokta Miriam akatazama saa yake, akakaa juu ya meza. Kipindi cha saa moja kikala saa mbili na nusu, na darasa lililokuwa linangoja chumba nje ya mlango likatukana mpaka likachoka, likaenda kutafuta kivuli.

Jaribio la pili lilikuja baada ya wiki nne. Bushiri alihitaji kumi na tatu. Desa la Fredy hakuligusa, alikaa na Yusra na Fredy kila alasiri, na kila akimaliza kueleza jambo aliuliza, "Nani bado?", na kila mara Fredy alikuwa bado. Mara nyingine alihisi kijana anafanya makusudi. Alimweleza jambo moja mara tano, mara ya sita akamrushia kifutio.

Karatasi zikarudi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Kumi na moja.

Alijumlisha mara tatu kana kwamba tatu na kumi na moja zingeweza kumwonea huruma. Kumi na nne. Zimepungua mbili. Nyuma yake Fredy alikuwa anaruka, amepata kumi na mbili, jumla kumi na sita kamili, amepita kwa ukucha. Yusra alikuwa na kumi na nne, naye hakuruka. Alikuja akasimama kando ya Bushiri wakaitazama karatasi pamoja.

Swali la tatu lilikuwa lile la mraba unaosogelea nne. Alama moja juu ya tano. Delta yake imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni imeandikwa: si sahihi.

"Wewe uliandika nini hapa?" Bushiri akamuuliza Yusra.

"X isitoke kwenye mbili kwa zaidi ya moja. Halafu epsilon gawa kwa tano, delta iwe iliyo ndogo kati ya hizo."

"Mimi nimesema isitoke kwa zaidi ya nusu. Mengine sawasawa." Akaipitia tena mstari kwa mstari. Damu ikampanda taratibu. "Sasa kosa liko wapi?"

Fredy alikuwa ameshawafikia. "Mzee, nenda kamwombe. Yule akishakupa shikamoo ameiva. Mwambie mwanangu, mbili tu."

Bushiri alilifikiria. Hakuwa malaika. Kule Mpwapwa, mama wa mtoto akija na kilio, alama za huruma zilipatikana. Akaona picha yake ameketi ofisini kwa yule binti, anasema mwanangu, mikono imepakatwa. "Siendi kuomba."

"Unaenda kufanya nini sasa?"

"Kugombana."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Akabisha hodi, akakaribishwa.

"Shikamoo, mwalimu. Kama umekuja kuomba alama, wewe ni wa saba tangu asubuhi, na sita nimeshawakatalia."

"Marahaba. Sikuja kuomba, nimekuja kuuliza. Epsilon ni ya nani?"

Dokta Miriam akashusha kalamu. "Yangu."

"Na delta?"

"Yako."

"Anayeichagua nani?"

"Wewe, mradi ifanye kazi."

"Basi kwa nini umenichagulia?" Akaiweka karatasi mezani, kidole kwenye swali la tatu.

Dokta alivuta mwongozo wake wa kusahihishia, akaulinganisha. "Hapa inatakiwa moja. Wewe umeweka nusu."

"Mbuzi wa kamba ya mita moja amefungwa, hayafikii mahindi. Mimi wangu nimemfunga kamba ya nusu mita. Atayafikia?"

"Mwalimu, hapa tuko kwenye..."

"Atayafikia au hayafikii?"

"Hayafikii."

"Basi kata hapo uandike kwamba mbuzi wangu amekula mahindi."

Dokta Miriam akachukua kipande cha karatasi. Akaandika haraka haraka, midomo inacheza: mbili na nusu, jumlisha mbili, nne na nusu, ni pungufu ya tano. Kalamu ikasimama. Akausoma mwongozo tena, akautazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.

"Nilisahihisha kwa mwongozo," alisema.

"Najua. Mimi nimesahihisha kwa mwongozo miaka ishirini na miwili. Sikuwahi kuchungulia mbuzi wa mtu."

Macho ya Dokta yakahamia kwenye orodha ya alama ukutani, watu ishirini na wanne. "Itabidi karatasi zote zirudi nizipitie upya."

"Itabidi."

"Unanichosha, mwalimu."

"Hata wewe unanichosha, Dokta. Tangu wiki ya pili."

Dokta akaikata ile moja, akaandika nne. Kumi na moja juu ikageuka kumi na nne. Na tatu za kwanza, kumi na saba. Bushiri akaivuta karatasi.

"Mbona nne? Ni tano."

"Hukuandika sentensi ya mwisho. Uthibitisho unafungwa kwa sentensi."

"Nimepiga mistari miwili!"

"Mistari miwili siyo sentensi."

Bushiri akachukua karatasi yake akatoka.

Yusra na Fredy walikuwa wanangoja kwenye korido. "Vipi?"

"Kumi na saba."

Fredy akapiga ukelele mpaka milango miwili ikafunguliwa. Yusra akamshika Bushiri mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Mpigie mama Harithi, aweke spika." Wakaanza kuteremka ngazi. Barua ilikuwa hai, mbuzi hakuliwa bure, na Fredy alikuwa anapanga kwa sauti watakula wapi.

Katikati ya ngazi Bushiri akasimama. Alikuwa anaisoma karatasi.

"Ngojeni. Mstari wa nne hapa nimeandika: kwa hiyo, kwa epsilon yoyote, delta hii inatosha. Hii siyo sentensi?"

"Mzee, umeshapita! Twende!"

"Sijauliza kama nimepita. Yusra, soma. Hii ni sentensi, siyo sentensi?"

Yusra akasoma. "Ni sentensi. Ila haiko mwisho."

"Nani alisema lazima ikae mwisho? Mtu akisema ukweli mapema unamkata alama?"

Hakungoja jibu. Alishageuka anapanda, ngazi mbili mbili, kwa magoti ya miaka arobaini na minane. Akafika mlangoni, akabisha.

"Hodi!"

Ndani kiti kikasogea, kisha kikatulia. Karibu haikutoka. Mtu yumo, na anajua nani yuko nje.

Akabisha tena.